Ngamia Aliyekanwa

Mjukuu wangu aliandika mchezo wa kuigiza wa shule yao, akanisomea nyumbani kwetu Bulla Pesa. Ni nchi ya kubuni inayotawalwa na Mkuu mmoja. Mfugaji anakamatwa, anateswa, mwishowe anakiri kuwa ngamia wake ni wa wizi. Ukweli umepatikana, mchezo umekwisha.

"Hapo umekosea," nikamwambia.

"Babu, wewe hata taarifa ya habari unailalia. Leo umekuwa mwalimu wa drama? Tunaigiza Ijumaa!"

"Ubadilishe. Mimi nilikuwepo."

Akaweka karatasi chini.

Ujanani nilikuwa katika kundi la walinzi wa mifugo upande wa Kipsing. Kiongozi wetu alimtaka ngamia jike wa mzee mmoja, akadai ni wa wizi. Ngamia huyo alikuwa na chapa ya ukoo wa mzee shingoni. Tukamfunga mzee mikono, tukamkalisha juani. Mimi ndiye niliyeshika mtungi wa maji mbele yake. Jua lilipoinama akasema, "Si wangu. Hiyo chapa siijui."

Mfugaji wa huku anaweza kukana hata ndugu yake, lakini chapa ya babu yake haikani. Kwa hiyo nikaamini. Nikampa maji nikiona tumefanya kazi safi.

Halafu ngamia akagoma kuondoka. Wenzangu wakampiga fimbo, akalala chini. Mzee akashindwa kuvumilia. Akamwita kwa jina lake, taratibu, akamwambia aende. Ngamia akainuka. Pale nilijua, na bado nilimswaga. Kosa hilo ni langu, simsingizii kiongozi.

"Mkuu wako hatafuti mwizi," nikamwambia mjukuu. "Anajua ngamia ni wa nani. Anachotaka ni mtu akane chapa yake mbele ya wenzake. Akishaikana hiyo, atakana chochote."

Akafikiri. "Na yule mwenye maji, afanye nini ngamia akiitwa?"

"Aangalie chini, amswage."

"Babu, si nimfanye hata ajute kidogo?"

"Majuto yalikuja baadaye. Usimfanye mwema."

Ijumaa nilikaa mstari wa mbele. Ngamia alikuwa wasichana wawili chini ya blanketi, na ukumbi mzima ulicheka alipogoma. Kisha mzee akamwita kwa jina, kicheko kikakatika. Msichana mwenye mtungi akaangalia chini, akachukua fimbo, akamswaga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.