Mafuta ya Jua Tuliyopaka Jioni

Nikiikumbuka siku moja ya masika kule Kibuta, mwanangu, mpaka leo uso unaniwaka kwa aibu, na papo hapo nasema alhamdulillahi. Vyote viwili hunijia kwa pamoja. Kaa vizuri nikusimulie, maana kosa langu la siku zile naliona hata sasa kwenye nyumba za watu waliosoma kunizidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa juzijuzi tu nikitokea Mbwawa. Mume wangu, Shomari, alikuwa na mdogo wake wa kike, Zaituni, binti wa miaka kumi na mitano mwenye ualbino. Wazazi wao walikwishafariki, na Zaituni alikuwa akilelewa kwa ndugu huko mbali. Mwezi wa pili wa ndoa yetu Shomari akaenda kumchukua, akanikabidhi. "Huyu ni wifi yako, lakini mlee kama mtoto wako," aliniambia. Nikafurahi sana, maana nilipenda sifa. Nilitaka Kibuta nzima iseme kwamba mke wa Shomari anajua kulea.

Wiki ileile nikampeleka zahanati. Muuguzi wetu, Bi Mwantumu, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, akatupa kopo la mafuta ya kuzuia jua. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa naye alikuwa na haraka. "Mpake kila siku, usiruke hata moja," akasema, akamwita anayefuata.

Na kweli sikuruka. Ila sikiliza nilivyofanya. Kwetu, mwanangu, mafuta mtu hupaka akishaoga. Shambani unakwenda vilevile ulivyoamka, na kanga yako kuukuu, kwa sababu utarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nani alishamwona mtu anajipaka mafuta kwenda kupalilia mihogo? Basi Zaituni akirudi shambani jioni, akaoga, namkalisha kwenye mkeka nampaka taratibu: uso, shingo, mikono, mpaka nyayo. Kopo likianza kupungua naongezea mafuta ya nazi ili yasiishe upesi. Na nisikufiche, siku nikialikwa harusini nilikuwa nachota kidogo najipaka usoni, nikidhani yatanifanya mweupe. Hayakunifanya mweupe. Yaliniacha na uso wa kijivu kama niliyetoka kuchekecha unga, na mashoga zangu wakanicheka.

Siku hiyo ya masika wingu lilikuwa limefunga tangu alfajiri. Tulikuwa tunapalilia, na Zaituni alijitanda kanga kichwani mpaka mabegani. Kila akiinama inamwangukia usoni. Nikamwambia, "Itoe hiyo, wifi. Leo jua liko wapi?"

Akaitoa. Tukapiga kazi mpaka adhuhuri na jua halikuchungulia hata mara moja. Tuliporudi nyumbani shingo yake ilikuwa nyekundu na masikio yamevimba, hawezi kuguswa. Mimi nikasema labda ni upupu.

Ngozi ile ilibambuka, ikapona. Lakini nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda kidogo, alichokuja nacho kutoka huko alikolelewa, nacho hakikutaka kufunga. Leo kimekauka, kesho kinatoa damu. Ndipo nikamrudisha kwa Bi Mwantumu.

"Mafuta niliyowapa mnapaka?" akauliza, huku akikiangalia kile kidonda.

"Kila siku, mama. Sijaruka hata moja."

"Saa ngapi?"

"Jioni, akishaoga."

Akakiacha kile kidonda, akanigeukia. "Kwa hiyo, mwanangu, miezi yote hii ulikuwa unamkinga na taa ya chemli."

Benchi zima likacheka. Nikatamani ardhi ipasuke niingie. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, akatuingiza ndani, akafunga mlango. "Nusu ya kosa ni langu," akasema. "Nilikupa kopo, sikukupa maelezo." Kisha akaniambia waziwazi kwamba kidonda kisichopona kwa mtu mwenye ualbino kinaweza kuwa saratani, na wengi huletwa kimekwishawala shingo. Akatuandikia barua ya hospitali kubwa, tuondoke kesho yake.

Huko madaktari walikikata kile kidonda, wakatuambia tusubiri majibu. Hizo wiki za kusubiri sitaki kuzirudia hata kwa maneno. Zaituni aliniuliza, "Wifi, nitakufa?" nami nikajifanya nachochea moto ili asione macho yangu. Majibu yalipotoka, ilikuwa kweli saratani, ndiyo kwanza inaanza, na daktari alikuwa ameiondoa yote.

Siku tuliyorudi nilimkalisha palepale kwenye mkeka nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilimpaka mafuta ovyo, nikamvua kanga kwa mdomo wangu. Hakuniacha nimalize.

"Wifi," alisema, "kule nilikotoka sahani yangu ilikuwa inasukumwa kwa mguu, watu wanaogopa kunigusa. Wewe umenishika kila jioni mpaka nyayo. Basi sasa nipake asubuhi. Lakini unipake wewe."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia.

Sasa chukua haya yaliyonigharimu. Mafuta ya jua hupakwa kabla ya kutoka, ngozi ipate muda kidogo wa kuyashika, na hurudiwa kila baada ya muda wa saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho ama ukinawa. Usiyabanie. Masikio na shingo visisahaulike. Mawingu hayazuii jua kuunguza, na mafuta ya nazi yanalainisha ngozi tu, hayaikingi. Wala kopo peke yake halitoshi: vaa mikono mirefu na kofia pana, na mchana wa jua kali kaa kivulini. Nawe uliye mweusi kama mimi, usiseme jua halikuhusu. Ngozi yetu ina kinga yake, lakini ina kikomo, na hao wanaojichubua wanaiondoa kwa mikono yao wenyewe. Kidonda kisichopona usikizoee, kipeleke. Na ukimpa mtu dawa, mweleze inavyotumika, hata kama foleni ni ndefu.

Bi Mwantumu ameshatangulia mbele ya haki, na kila ninapoomba namtaja. Zaituni ni fundi cherehani pale mtaa wa Picha ya Ndege, ana wajukuu, na nyuma ya sikio ana kovu dogo tu. Akija kunitembelea hapa kwetu Mbwawa analala, na asubuhi kabla hatujatoka ananiletea kopo lake. Mikono yangu sasa inatetemeka, lakini nyuma ya masikio, mahali asipoweza kujiona, bado nampaka mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukukosoa asikudhalilishe, na wa kukusamehe kabla hujamaliza kuomba, kama alivyonipa mimi. Amin.