Panya Walikunywa, Sukari Haikushuka

"Rudia," mwalimu wangu aliniambia, bila hata kuinua macho.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na maabara yetu ilikuwa karibu na mtaa wa Buxton, mjini kwetu huku pwani. Nilikuwa nimewanywesha panya wenye ugonjwa wa sukari maji ya majani ya mwarobaini, kwa kuwa watafiti wengine waliandika kwamba sukari hushuka. Ya panya wangu haikushuka.

Nikarudia. Haikushuka.

"Basi wewe ndiwe unayekosea," akasema. "Wenzako mbona waliona?"

Wallahi nilichoka. Lau sukari ingeshuka mara ya kwanza, hakuna ambaye angeniuliza kama nimekosea. Tungekula haluwa siku hiyo hiyo. Lakini jibu lisipopendeza, kosa ni la mkono wako, la joto, la panya, la stima iliyokatika.

Hata hivyo, swali moja lilikuwa la haki: kama majani yana nguvu, je, jaribio langu lingeiona? Nikaomba panya zaidi. Kundi moja likapewa majani, jingine maji matupu, na la tatu dawa ya hospitali tunayoijua kuwa inashusha sukari. Mwenzangu aliyepima damu hakuambiwa nani kapewa nini.

Waliopewa dawa, sukari ilishuka vizuri. Waliopewa majani walikuwa sawasawa na wale wa maji matupu.

Mwalimu aliyatazama majibu, akashusha pumzi. "Kazi safi. Lakini nani atakuchapishia?"

Jarida la kwanza tulilolipelekea makala likatujibu kwamba hatukuleta jipya.

Jumapili nikaenda mtaa wa Ganjoni kumwamkia shangazi yangu, ambaye alikuwa ameacha vidonge vyake vya sukari na kushika mwarobaini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huo utafiti wenu umepata nini?"

Nikamweleza.

"Kumbe hamkupata kitu."

"Tumepata! Tumepata kwamba majani hayakuwasaidia."

"Hao ni panya. Kwani mimi ni panya?"

Hapo alinibana, maana panya si mtu. "Na wale walioandika kwamba yanasaidia," nikamwuliza, "unadhani wao walimnywesha nani?"

Akaguna. Wiki hiyo alikubali nimpeleke kliniki. Vidonge anameza sasa, ila majani hakuyaacha. Na kila akipimwa sukari ikaonekana imeshuka, hunipigia simu kuyasifu majani.