Shemeji wa Kwenye Mparachichi

Kindi akikasirika hulia kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, tik-tik-tik, haraka haraka, na mkia unaruka kwa kila mlio. Ndio mlio unaoniamsha siku hizi hapa Observatory, Johannesburg, ambako mimi na binti yangu na binti yake Divine tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya watu. Uani kuna mti ambao jina lake sijalijua mpaka leo, na ndani yake wamehamia kindi. Tulipofika hawakuwepo, au labda sikuwa na muda wa kuangalia juu. Asubuhi wenzangu wakishaenda kazini nageuza kreti la soda, naketi, na sijitikisi kwa nusu saa nzima. Siku moja Divine alirudi kuchukua simu aliyoisahau, akanikuta hivyo, akafikiri nimepatwa na kiharusi. "Eish, Koko, umenitisha," akasema. Koko ndiyo bibi, kwetu. Nikamwambia anyamaze, maana kindi alikuwa ameshafika katikati ya shina.

Kukaa namna hiyo nilijifunza nina miaka kama tisa, kijijini kwetu upande wa Fizi, kule Kongo, msimu mmoja wa kupanda karanga. Shamba la karanga la mama lilikuwa nyuma ya nyumba, matuta kumi na moja, udongo mweusi uliokuwa unanuka mvua na jivu, kwa sababu mama alizipaka mbegu jivu kabla ya kuzifukia. Jivu lilikuwa la kumzuia kindi. Kindi hakulijali. Alikuwa anaishi kwenye mparachichi ulioinamia jikoni, anashuka, anaanza kwenye shimo la kwanza la tuta na kwenda shimo kwa shimo, kwa mstari ulionyooka, kana kwamba mama alimpandia yeye. Kwa hiyo mimi, ambaye shule nilikuwa nimeiacha baada ya miaka miwili, nikapewa kopo bovu na fimbo, nikaambiwa kazi yangu ni moja: kukaa pale na kugonga kopo mpaka karanga zichipue.

Sasa, mama yangu alikuwa na sheria aliyoitoa kwao. Wakati mbegu ziko ardhini, kindi hatajwi kwa jina. Ukimtaja, umemwita. Majirani hawakuifuata na karanga zao ziliota kama zetu, lakini hilo hukuweza kumwambia mama. Nyumbani kwetu, tangu siku ya kwanza ya kupanda mpaka majani yatokeze, kindi aliitwa shemeji. Mama alisema jina hilo linamfaa: anakuja bila kutoa taarifa, anakula, anajifuta mdomo, anaondoka bila asante. Basi ilikuwa kawaida kabisa kusikia mtu akiuliza, "Shemeji leo amefika?" na mwingine akijibu, "Amefika, nimemfukuza."

Siku mbili za kwanza niligonga kopo mpaka masikio yakaniuma. Ya tatu nilichoka, nikakaa kimya tu, na hapo ndipo nilipoanza kumjua. Nilijua kwamba hushuka kichwa chini, miguu ya nyuma imegeuka kushika gamba la mti, na akifika usawa wa kichwa cha mtu mzima lazima asimame ahesabu hatari. Nilijua kwamba paka akipita, kindi anapiga kelele mpaka paka aone aibu aondoke, lakini mwewe akipita anajibandika kwenye tawi na kunyamaza, huwezi kumtofautisha na gamba. Nilijua pia jambo ambalo mama alikataa kulisikia. Karanga nyingi hakuzila. Alizichukua moja moja, akachimba kishimo kando ya ukuta wa jikoni, akaitumbukiza, akafukia, kisha akapigapiga udongo kwa mikono miwili kama mama anavyopigapiga mkate wa muhogo. Nikamwambia mama, "Shemeji naye anapanda." Mama akasema, "Gonga kopo."

Wiki ya pili wakaja wageni. Yaya Mapendo, dada yangu mkubwa, alikuwa amechumbiwa na Samweli, fundi cherehani wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Baba alikuwa ameshakataa wanaume wawili kabla yake, na safari hii Yaya mwenyewe alimtaka mtu huyu, alimtaka hasa, mpaka alikuwa anafua nguo zilizo safi ili tu apite mtoni. Siku hiyo Samweli alikuja na baba yake mkubwa, mzee mrefu mwenye koti zito na kofia, aliyejulikana kuwa mtu wa kukasirika haraka. Neno lake ndilo lilikuwa neno la ukoo. Asubuhi Yaya alinishika bega akaniambia, "Leo usinichafulie. Kaa na karanga zako, usionekane." Nikakaa. Sikuonekana. Tatizo ni kwamba dirisha la sebuleni lilitazama shambani.

Nilisimuliwa baadaye yaliyokuwa yakiendelea ndani. Mama alikuwa ameleta karanga za kukaanga kwenye sinia. Mzee alikuwa anakula kidogo, kwa heshima. Samweli alikuwa na woga, na mtu mwenye woga hula. Alikuwa amejaza mdomo. Na mimi huko nje nilikuwa nimemwona kindi akifika tuta la tano, tuta ambalo mama alikuwa amelipanda mara ya pili, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo: "Mama, shemeji mwizi amekuja tena. Amejaza mdomo karanga zetu. Nimpige jiwe?"

Ndani wote wakageukia dirisha. Samweli akaacha kutafuna. Mzee akachukua kofia yake.

"Tumesikia," akasema. "Sisi tulifikiri tumekaribishwa."

Baba akaruka. "Mzee, hapana, mtoto anasema mnyama."

"Kwa hiyo mwanangu ni mnyama."

"Sio yeye, mzee. Shemeji ni kindi."

Hapo mama akaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu baba alikuwa ametaja jina, tena mbegu zikiwa ardhini. Mzee akaona mama anaziba mdomo, akazidi kuamini kuwa anafichwa jambo. Akasema amezeeka, amepita vijiji vingi, hajawahi kusikia nyumba inayomwita kindi shemeji, na kama yupo basi aonyeshwe. Asipomwona, wanaondoka, na habari ya uchumba iishe. Nyuma ya mlango Yaya alikuwa ameketi chini, kitenge mdomoni.

Wakatoka wote uani. Kindi, bila shaka, alikuwa ameshapanda juu. Mama akanitazama kwa macho ambayo hata sasa sipendi kuyakumbuka. Baba akaanza kuutikisa mparachichi ili kindi ashuke, na mimi, badala ya kulia, nikapata hasira. Wiki mbili nilikuwa nikimwangalia mnyama yule na hakuna aliyetaka kuniuliza kitu. Nikawaambia, "Baba, acha mti. Mkisimama hivyo haji. Kaeni chini wote." Nikamwonyesha mzee kinu kilicholala, akakikalia. Nikamwambia avue kofia, kwa sababu ukingo wake ulikuwa unachezacheza. Akavua. Samweli, aliyekuwa ameanza kutafuna tena, nikamwambia aache, kindi anasikia. Akaacha, karanga zikabaki kwenye shavu.

Tukakaa. Kivuli cha jikoni kilisogea kutoka tuta la kwanza mpaka la pili. Inzi alitua kwenye pua ya baba na baba hakumfukuza. Kisha gamba la mti likakwaruzika, na yeye huyo, kichwa chini, mkia juu. Akasimama usawa wa kichwa cha mtu mzima. Akahesabu. Akashuka kwenye tuta la tano, akachukua karanga moja, na badala ya kwenda ukutani akaja moja kwa moja kwenye kiatu cha mzee. Udongo pale ulikuwa laini. Akachimba, akatumbukiza, akafukia, akapigapiga kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameacha hata kupumua. Kindi alipokwisha kuondoka, mzee alikitazama kiatu chake muda mrefu, kisha akasema bila kugeuka, "Samweli, umeona? Shemeji mwenzako anajua kuweka akiba."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Mzee akaomba maji, akarudi ndani, akakaa mpaka bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, vikaiva. Alipoaga alisema ametukubali, ila yeye tumwite kwa jina lake tu. Baada ya mvua mbili, karanga zikachipua kando ya ukuta wa jikoni na chini ya kinu, mahali ambapo mama hakupanda. Hakuniambia kitu, lakini alizipalilia.

Yaya na Samweli wameishi pamoja mpaka sasa, wazee wawili, bado kule kule. Watu husema kindi ndiye aliyeiokoa ndoa ile. Mimi sikubali. Kindi alikuja kutafuta udongo laini. Mimi nilichokiona siku ile ni Samweli, mwanamume mzima, mgeni, roho mkononi, amekaa na karanga shavuni bila kuzitafuna wala kuzitema kwa sababu mtoto wa miaka tisa amemwambia atulie. Nikajua Yaya atakaa naye vizuri.

Hapa Johannesburg mtu nitamjulia wapi? Divine ana kijana wake, mlinzi huko Randburg. Namfahamu kwa honi. Anapiga honi getini, Divine anatoka mbio, wameondoka. Mara moja alishuka kunisalimia, kwa adabu, sina la kusema, lakini funguo zilikuwa zinacheza mkononi na mguu mmoja ulikuwa tayari njiani. Juzi Divine ameniambia wanataka kuleta wazazi, na kwamba kijana anauliza aniletee nini, blanketi au simu mpya. Nimemwambia sitaki blanketi. Aje Jumapili asubuhi, peke yake, azime simu. Nimeshaomba kreti la pili kwenye spaza, kiduka cha mtaani.