Posa ya Msichana wa Sura ya Nne

Mhariri wangu aliniambia riwaya ya vijana haisimami bila mhusika anayetaka kitu kufa na kupona. Basi nikampa msichana wangu lake: atoroke nyumbani, apande treni Malampaka, akasomee kuendesha treni. Kila jioni, hapa nyumbani Bariadi, nikawa nawasomea wazazi wangu nilichoandika huku mama akichambua mboga. Nilijitakia mwenyewe.

Mama alinikatiza mara moja tu. "Asikae kwenye benchi la stesheni, wanaomtafuta wataanzia hapo. Akae nyuma ya magunia ya pamba." Nikabadilisha. Baba yeye alishikilia jambo moja: msichana amekua, mchapakazi, anakamua, analima, mbona sura ya nne hii haposwi? Nikamweleza kuwa dhamira ya kitabu ni uhuru. Akasema uhuru haujamzuia mtu kuposwa.

Kumbe alishamsimulia rafiki yake mnadani. Asubuhi moja mshenga akabisha hodi, kavaa koti la heshima, fimbo mkononi. "Mwangaluka," akasalimu, akakaa, akasema wamesikia humu kuna msichana asiye mvivu, na kijana wao yuko tayari.

"Baba, huyo msichana hayupo!" nikafoka.

"Najua hayupo," akasema baba, wala hakunitazama. Akamgeukia mgeni. "Ng'ombe je, wapo?"

"Wapo."

"Basi wewe mwanangu nyamaza kwanza."

Jamani! Watu wazima wakaanza kujadili mahari ya mtu wa kwenye karatasi. Mshenga akauliza rangi yake. Baba akanigeukia.

"Mweusi au mweupe?"

"Sijaandika."

"Andika mweupe. Ng'ombe wataongezeka."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu baba aliendelea: posa ikipokelewa, ile sura ya treni niiondoe, binti wa nyumba hii hatoroki. Hakuwa anatania. Na mimi, na umri wangu huu, katika nyumba ya baba yangu nikajikuta nimeinamisha kichwa kama vile nimekubali. Nilijichukia.

Mama akatokea jikoni na bakuli la uji wa mgeni.

"Mmechelewa," akasema. "Treni imeshaondoka naye."

"Lini?" baba akaruka.

"Jana. Nimemsindikiza mimi."

Mshenga akampa baba pole, akanywa uji wake wote, akachukua fimbo akaenda zake. Baba akanuna hadi mchana, eti binti anasafiri na mwenye nyumba haambiwi.

Nilimfuata mama jikoni, nikamkuta ameshika mwiko, hakorogi kitu.

"Umeshaandika kwamba amepanda?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Andika leo. Mimi walinikuta nimekaa kwenye benchi."