Mkono wa Kushoto wa Fundi Nsajigwa

"Mjomba, huo mkono wako wa kushoto una nini?"

Kisa alikuwa darasa la tatu alipouliza hivyo. Alisimama mlangoni mwa kibanda cha fundi Nsajigwa, nyuma ya soko la Kyela, na bakuli la wali alilotumwa na mama yake. Nsajigwa, kaka yake mama, alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Mkono wa kulia ulishika bisibisi. Wa kushoto ulikuwa umezama mfukoni.

"Umelala," akasema. "Usiuamshe."

Kisha akaweka bisibisi chini, akarudi nyuma hatua mbili kutoka mezani, na hapo tu ndipo mkono ule ukatoka. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kama mtu yeyote aliyelelewa Unyakyusani. "Ndaga, mwanangu," akashukuru.

Kisa aliuangalia sana mkono ule. Haukuwa na kovu. Vidole vitano, kucha safi kuliko za kulia. Akarudi nyumbani na bakuli tupu na swali lake likiwa zima.

Watu wa soko walikuwa na majibu yao. Akina mama walioanika kokoa kwenye turubai mbele ya kibanda walimpigia kelele kila asubuhi: "Fundi, humo mfukoni umeatamia mayai?" Na mwenzao: "Mayai wapi! Mke wa pili yumo humo!" Nsajigwa alicheka nao. Lakini Mzee Lazaro hakucheka. Alipita siku moja kusalimia, fundi akaitikia "Ugonile, baba" bila kuinua kichwa, mkono mfukoni. Mzee aliondoka akisema kijana yule hakulelewa, kapaliliwa tu. Tangu siku hiyo ukoo mzima wa Lazaro ukawa unapeleka redio zao kwa fundi mwingine, na Nsajigwa hakwenda kujieleza.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya valvu. Ni vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, vinavyowaka ndani rangi ya chungwa kama kaa la moto. Zabroni, mfanyabiashara aliyeoa Malawi, alimletea boksi zima kutoka ng'ambo ya mto Songwe, zimeviringishwa kwenye magazeti. Nsajigwa akakaa nazo miezi minne, akaunda amplifaya kwa bati la debe na transfoma ya kuokota, akaipeleka kwa kwaya ya Matema. Sauti yake ilijaza kanisa bila kukwaruza. Wanakwaya walimbeba juujuu.

Yeye hakufurahi kama wao. Alikuwa na sharti moja alilolirudia hadi likachosha: asiifungue mtu, na ikiwa imefunguliwa asiiguse mtu, hata kama umeme umekatika. Hasa kama umeme umekatika.

"Sasa mjomba, umeme ukikatika si ndiyo salama?" Kisa aliuliza. Wakati huo alikuwa kidato cha kwanza, na angeuliza siku nzima kama ungemruhusu.

"Wewe usiguse."

"Lakini kwa nini?"

"Kisa. Usiguse."

Basi. Mtu aliyeweza kueleza redio nzima kwa kutumia punje za mchele mezani, hapo alifunga mdomo.

Kisa alipofika kidato cha tatu, mwezi wa nne, mvua za Kyela zikiwa zimeshika kasi, amplifaya ikarudi. Mama Keziya, kiongozi wa kwaya, aliileta mwenyewe kwa bajaji, ameifunika kwa kanga.

"Fundi, mtoto wako anauma! Kipaza sauti kimempiga shoti mwimbaji wetu Mercy midomoni, katikati ya pambio. Watu wakadhani kashukiwa na Roho."

Nsajigwa hakucheka. Alifungua mfuniko, akaiwasha, akapima kwa mkono mmoja, akakunja uso. Valvu ziliwaka. Kisa alikuwa pembeni, yunifomu imelowa, akitazama kila kitu.

Umeme ukakatika. Yale makaa ya rangi ya chungwa yakafifia, yakafa. Papo hapo upepo ukainua bati la paa na maji yakaanza kumwagika mezani.

"Msiguse kitu!" Nsajigwa akasema, akachomoa waya ukutani, akakimbia nje kuweka jiwe juu ya bati.

Mama Keziya aliona maji yakiikaribia amplifaya ya kanisa. Angefanyaje? Akaishika kingo za bati, akainyanyua, akamgeukia Kisa. "Shika, mwanangu, ipeleke kule pakavu."

Kisa alilelewa. Anapopewa kitu na mtu mzima hanyooshi mkono mmoja. Alikunja goti kidogo, akanyoosha yote miwili, mmoja ukielekea kwenye bati, wa pili chini yake, palipokuwa na nyaya wazi.

Kofi lilimpata kwenye vifundo vya vidole kabla hajafikisha. Nsajigwa alikuwa amerudi, anatweta, maji yanamchuruzika usoni.

"Fundi!" Mama Keziya akapayuka. "Unampiga mtoto kwa adabu yake?"

"Iweke pale. Polepole. Usitoe vidole kwenye kingo."

Akaiweka. Nsajigwa akachukua balbu ya kawaida yenye nyaya mbili, mkono wa kushoto ukarudi mfukoni, na wa kulia ukabana waya mmoja kwenye bati kwa klipu, ukagusisha wa pili kwenye zile nyaya wazi chini ya amplifaya. Balbu ikamulika kibanda chote, mara moja, ikazima.

Soko zima halikuwa na umeme. Mama Keziya akakaa juu ya kreti. Kisa akaitazama balbu. Shuleni walikuwa wamechora kapasita: mistari miwili iliyosimama, na maneno "hutunza chaji". Alipata alama zote. Hakujua kuwa inaweza kutunza kiasi hicho, wala kwamba ingemngojea yeye.

Mjomba wake akamsogezea stuli, akachuchumaa mbele yake.

"Uliniuliza ukiwa mdogo," akasema. "Mimi na Amon tulikuwa mafundi wenza Mbeya. Umeme ulikatika, tukaona ni nafasi nzuri ya kuhamisha redio ya valvu. Nikampa kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili, mmoja kwenye bati, mwingine kwenye kapasita iliyokuwa bado na chaji, umeme ukapita katikati, penye moyo. Hakuamka. Watu waliniambia sina kosa, na kweli, siku ile hakuna aliyekosa adabu. Tangu hapo huu wa kushoto naufundisha kuikosa."