Gari Lililopiga Magoti

“Unataka gari hili lifanye nini?”

Fundi aliniuliza hivyo akiwa amelala chini ya gari langu, miguu tu ikionekana, kwenye gereji yake ya Bagara. Nilikuwa nimemjia na maswali kumi na moja niliyoyaandika kwenye daftari. Kuulizwa mimi sikuwa nimejiandaa.

“Likimbie,” nikasema. “Likate kona bila kulala. Likae chini kidogo, lipendeze. Na Mama asirushwe.”

Miguu ilitulia.

“Dada, hayo ni magari mawili.”

“Mimi ninalo moja.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Nikafungua daftari, nikamsomea swali langu la kwanza, kana kwamba la kwake sikulisikia.

Gari lenyewe lilikuwa dogo la Kijapani, lenye turbo, na nyuma lilikuwa na bawa pana kiasi kwamba Mama aliwahi kuanika matambara ya jikoni juu yake. Nililinunua Arusha kwa mshahara wa kazi yangu ya kwanza, kutoka kwa mtu aliyekuwa amezikata springi zake kwa msumeno wa umeme ili likae chini. Shokapu nazo, ambazo kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka, zilikuwa zimekufa zote nne. Ukilitazama limeegeshwa, unaona simba ananyemelea. Ukilipanda, uko ndani ya debe linaloviringishwa mlimani.

Mama alilipanda mara moja. Tulitoka nyumbani Maisaka kwenda sokoni, tukakutana na rasta, vile vituta vidogo vinavyopangwa kwa mstari kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Kwenye kituta cha kwanza kilemba chake kiligonga paa. Kwenye cha pili kikamshukia machoni. Vya mbele sikuvihesabu, maana nilikuwa nasikia meno yangu.

“Simamisha.”

“Mama, bado hatujafika.”

“Mimi nimefika.”

Akashuka palepale kwenye kijiwe cha bajaji, akajipapasa kiuno, akapandisha kilemba. Dereva mmoja wa bajaji aliyekuwa ameona yote akafuta kiti kwa mkono.

“Karibu kwenye gari, Mama!”

Wenzake wakacheka mpaka wakapiga honi. Mama akapanda kile chombo cha magurudumu matatu, akaniacha na turbo yangu.

Tangu hapo kila Jumapili alikwenda kanisani kwa bajaji, nami nikifuata nyuma na gari tupu, kama msindikizaji wa kiongozi. Mama aliyenisomesha kwa kuuza maharage, nimepata kazi, nimenunua gari, na halipandi! Nilitaka jambo moja tu: Jumapili moja ashuke kwenye gari langu mbele ya wenzake wa kwaya, polepole, kilemba kikiwa kilevile alichokifunga nyumbani.

Basi nikaanza kutafuta springi na shokapu. Kwenye kundi la simu la wenye magari kama langu kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: ngumu. Weka ngumu kabisa, dada, utakuja kunishukuru. Nikawauliza, “Ugumu huo mmeupimaje?” Mmoja akanijibu kwa picha ya gari lake likiwa limeegeshwa. Mwingine akasema gari halipimwi, linasikika. Mimi nimesoma takwimu chuo kikuu. Mtu akiniambia mvua inanyesha, natoa mkono dirishani kwanza.

Nikaazima futi ya kushonea ya Mama. Kila asubuhi, siku tatu mfululizo, nilipiga goti kwenye saruji ya uani nikapima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne. Nilihakikisha upepo wa matairi ni sawa. Nilihakikisha mafuta yako nusu tangi kila siku, maana mafuta yana uzito. Siku ya pili nilitoa mwavuli kwenye kiti cha nyuma, nisije nikaharibu hesabu.

“Unalishonea suti?” Mama akauliza kutoka mlangoni.

“Napima, Mama.”

“Usisahau kiuno.”

Majibu yalikuwa wazi. Nyuma lilikuwa limelala vidole vinne kuliko mbele. Hata barabarani nililiona hivyo: wiki ile taa zilikuwa zinamulika vichwa vya watu badala ya lami, na pua ya gari ilitazama juu kama inanusa mvua. Nikahitimisha kwamba springi za nyuma zimechoka kupita kiasi. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa na springi za aina tatu, laini, za kati na ngumu. Nikaagiza za kati kwa mbele na ngumu kwa nyuma, pamoja na shokapu za kuendana nazo, vikaja kwa basi vimefungwa kwenye kiroba.

Fundi alizipokea, akazigeuzageuza.

“Hizi za nyuma ni za kubebea mzigo, unajua?”

“Nimepima,” nikasema, nikamwonyesha daftari.

Akalitazama daftari, akalitazama gari, akaenda nyuma, akafungua buti, akalifunga. “Sawa,” akasema. “Sasa nimekuelewa.” Nikajisikia vizuri sana. Si mara nyingi fundi anamwelewa mwanamke mwenye daftari.

Kazi ilimalizika Ijumaa jioni. Gari lilikaa sawasawa mbele na nyuma, kama meza. Nikalipitisha kwenye rasta zilezile, likazivuka kwa kunong'ona. Nikamkuta Mama anapepeta maharage, nikamtangazia kwamba Jumapili bajaji ipumzike.

“Tutaona,” alisema, ila alitabasamu, na Jumamosi akapiga pasi kitenge chake kipya mara mbili.

Jumapili asubuhi nilitoka na ufunguo, nikasimama. Gari lilikuwa limeinua makalio juu. Bawa lilitazama mawingu, pua imeelekea chini, kama bata aliyezamisha kichwa ziwani akitafuta samaki. Nikalizunguka. Nikachuchumaa. Nikapima: vidole sita, kwa upande wa pili!

Mama akatoka amependeza, Biblia kwapani. Akalitazama kwa muda.

“Limeshapiga magoti,” akasema. “Na hata kanisani hatujafika.”

“Mama, nani amegusa gari hili?”

“Hakuna. Mimi nilitoa mahindi tu jana, ulipokuwa umekwenda kusuka.”

“Mahindi gani?”

“Yale magunia mawili ya kwenye buti.”

Nilikaa kwenye ngazi. Magunia mawili. Akanieleza bila haraka kwamba aliyaweka humo zaidi ya wiki moja iliyopita, akabebewa na vijana wa bodaboda, kwa sababu ya panya wa stoo. Mimi buti nalifungua tu siku ninapotafuta tairi la akiba, na siku zile tairi halikuwa limepasuka. Nilikuwa nimetoa mwavuli kwenye kiti. Mwavuli!

Nikampigia fundi simu.

“Shikamoo. Uliyaona magunia kwenye buti?”

“Marahaba. Niliyaona.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuuliza unataka gari lifanye nini, ukanitajia magari mawili. Nikafungua buti, gari likanijibu.”

Kengele ya kwanza ikalia. Mama akasogea mlangoni, akafungua, akaketi kiti cha mbele, akalisikia gari lilivyo gumu kama benchi. Akashuka tena. Moyo wangu ukashuka naye. Nikajua sasa ataita bajaji.

Hakuita bajaji. Aliita majirani.

“Jamani! Mmeshaondoka? Njooni huku, gari linahitaji watu!”

Walikuja watatu wa kwaya yake, wanawake wa afya njema, wasiofanya utani na chapati. Wakaingia nyuma mmoja mmoja. Wa kwanza alipoketi, gari liliguna. Wa pili, bawa likashuka. Wa tatu alipofunga mlango, nilikwenda na futi.

“Huyu naye anatupima!” akasema mmoja.

“Achana naye,” Mama akajibu. “Amesoma.”

Kilibaki kidole kimoja. Mama akarudi ndani, akatoka na kiroba cha unga, akakiweka kwenye buti mwenyewe, akapangusa mikono. Gari likakaa kama meza.

Tuliondoka tukiimba sauti zote isipokuwa ya tatu, niliyoachiwa mimi na siiwezi. Tulipozikaribia rasta nikamtazama Mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika kilemba kwa mikono miwili. Tukapita. Akaachia mkono mmoja, halafu wa pili. Kwenye kijiwe cha bajaji yule dereva alitutazama mdomo wazi, na Mama akampungia mkono kama mke wa mbunge.

Kanisani alishuka polepole. Kilemba kilikuwa kilevile.

Springi zile sijazibadilisha mpaka leo. Peke yangu gari linaruka, kwa hiyo ni nadra kuliendesha peke yangu. Kila Jumapili nabeba kwaya, na kona nazikata polepole, kwa mwendo wa kwaya inayoingia kanisani. Lakini juzi, miaka kadhaa baadaye, nilikuwa naweka mtego wa panya stoo, Mama akaniuliza wa nini, maana nyumba ile haijawahi kuwa na panya. Ndipo akanieleza kwamba ujanani alikuwa akisafiri kutoka Dareda juu ya malori ya mazao, na alijua kwamba lori tupu hurusha watu na lililojaa hutulia. Magunia yale aliyaweka ili gari langu litulie, apate kulipanda; fundi alipolitengeneza, akayatoa.