Shuka Usome Mpaka Chini, Verlon

Mume wangu Verlon ni mtu wa kusoma mstari mmoja na kukata shauri. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya masafa marefu, nyumbani anakuja kama mgeni. Shamba letu hapa Kentucky tulilipanda bangi ya mafuta ya dawa, ile isiyolevya, ili abaki. Lakini sheria haina huruma: kilevi kikizidi asilimia 0.3, unalifukia zao lote kwa jembe la trekta. Alishaniambia, "Tukifeli, Jumatatu narudi kwenye lori."

Majibu ya maabara yaliingia kwenye simu yake tukinywa kahawa. Akatazama, akatua kikombe, akatoka nje. Simu kaiacha mezani. Mstari wa juu: 0.32. Imezidi! Huko nje trekta likaanza kunguruma.

Ila mimi nilishakwenda mafunzo ya wakulima, yeye akabaki anakoroma. Nikateremka chini ya ukurasa. Ile 0.32 ilikuwa ya kilevi kibichi, kilicholala ndani ya ua la bangi. Kikipata moto ndipo kinaamka, na kikiamka kinapungua uzito, kama nyama kikaangoni. Kwa hiyo maabara hukizidisha kwa 0.877, ikabaki 0.28. Jumlisha 0.01 ya kile kilichokwisha kuamka: 0.29. Na sheria inatazama jumla. Tumepita!

Nikaichukua simu, nikatoka mbio na malapa yangu, nikasimama mbele ya trekta.

"We Raelene, una wazimu? Toka hapo!"

"Sitoki! Umesoma mpaka wapi, kichwa ngumu wewe?"

"Nimesoma pa kutosha! Sifuri nukta tatu mbili!"

"Shuka usome mpaka chini. Polepole, kama mtoto wa chekechea."

Akashuka. Akasoma midomo ikimcheza, akarudia. Halafu akaketi udongoni, kofia usoni, mabega yanamtetemeka. Nilipomvua kofia nikakuta analia na kucheka kwa pamoja.

"Nimeshafukia mistari miwili ya bangi, Rae."

"Hiyo ni ada ya shule, bwana."

Palepale akampigia bosi wa malori. "Jumatatu msiningoje," akamwambia, akakata simu. Kisha akanigeukia. "Kwani ningeondoka ungelia?"

"Nilie nini? Ningelala kitanda kizima peke yangu."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshamshika shati, na sikuliachia mpaka tulipofika mlangoni.